Ukitumiwa dili la kusemea nchi za watu: namna ninavyolisoma kabla sijawasha kamera

"Sekunde ya 15, kabla ya kugeuza chapati, shusha pumzi kama mtu aliyechoka." Hayo ni maelekezo niliyotumiwa WhatsApp mwaka 2023, na mimi, mtu mzima mwenye watoto wawili, nikashusha pumzi kweli. Baada ya pumzi nilitakiwa kusema kwamba unga wa ngano umepanda bei kwa sababu ya vikwazo ambavyo nchi fulani imeiwekea nchi nyingine, na kwamba sisi akina mama tumechoka kudanganywa. Halafu nigeuze chapati.

Mimi napika. Ukurasa wangu una wafuasi elfu sitini na ushee, wengi wao mabinti wanaoanza maisha, na matangazo niliyozoea ni ya masufuria, mafuta ya kula na blenda. Kwa ile chapati nililipwa laki tatu na nusu, video ya sekunde 40. Duka la masufuria lilikuwa linanipa elfu themanini na sufuria moja nibaki nayo. Tofauti ile peke yake ilitosha kunishtua. Sikushtuka, nilikuwa na ada ya shule.

Nawaandikia wenzangu wa saizi yangu. Wakubwa wana mameneja. Sisi wa elfu kumi mpaka laki moja ndio tunaotafutwa sana, maana watu wanatuamini kama wanavyomwamini jirani, na bei yetu ni ya jirani pia. Chawa wa hapa nyumbani tunawajua, tunajua wanamsifia nani na nani anawalisha. Huyu wa kusemea nchi za watu anaweza akawa chawa na mwenyewe hajijui.

Hela kwanza, maneno baadaye

Kabla hujasoma unachotakiwa kusema, linganisha malipo na bei yako ya kawaida. Ikizidi mara tatu au nne, jua kuna kitu kingine kinanunuliwa humo ndani zaidi ya video.

Mfano mkubwa ni wa Marekani. Septemba 2024 Wizara ya Sheria ya kule iliwafungulia mashtaka wafanyakazi wawili wa RT, chombo cha habari cha serikali ya Urusi, ikidai walipitisha karibu dola milioni 10 kwenye kampuni moja ya Tennessee iliyokuwa inawalipa watangazaji maarufu wa YouTube. Mmoja wao alikuwa na makubaliano ya dola 400,000 kwa mwezi, video nne kwa wiki. Walichoambiwa ni kwamba mwenye hela ni tajiri wa Ulaya anayeitwa Eduard Grigoriann. Kwa mujibu wa mashtaka, tajiri huyo hakuwahi kuwepo duniani. Hati hizo zinasema pia kwamba mmoja wa waanzilishi wa kampuni, akimsubiri "mtu wa Paris", yaani huyohuyo Grigoriann, amjibu, aliingia Google kutafuta saa ngapi Moscow. Watangazaji wenyewe walisema wao wametapeliwa tu. Inawezekana. Lakini dola laki nne kwa mwezi, na hujamtafuta mtu kwa jina lake?

Usidhani basi kwamba hela ndogo ni salama. Hela ndogo inayogawiwa watu wengi kwa mpigo ni ishara yake yenyewe. Mwaka 2021 watafiti wa Mozilla walieleza soko la hashitegi nchini Kenya: vijana kwenye magrupu ya WhatsApp, wanapewa maneno na muda wa kuposti, wanalipwa kwa M-Pesa kati ya dola 10 na 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku. Kampeni nyingi zilikuwa za siasa za ndani. Ripoti yao ya mwaka uliofuata ikaonyesha kwamba soko hilohilo limeshawavutia wageni: CitizenGO, kundi lenye makao Hispania, lilitajwa kuendesha kampeni kwenye Twitter ya Kenya dhidi ya muswada wa afya ya uzazi. Mkenya anayesoma anaona Wakenya wenzake wamekasirika. Aliyepanga hiyo hasira yuko Madrid.

Muulize mteja wa mwisho ni nani

Anayekuja kwako si mwenye hela. Ni dalali aliyepewa na dalali. Kijana aliyenitafuta mimi aliniita "dadangu" kila sentensi, akasema anafanya kazi na "ajensi ya Nairobi", na ajensi inafanya kazi na "wadau wa nje". Wadau! Nikaridhika.

Swali langu siku hizi ni moja, na nataka jibu la maandishi: jina la kampuni au taasisi inayolipa mwisho kabisa, na nchi iliyosajiliwa. Nikipewa jina, natumia nusu saa kulifukunyua. Tovuti ilifunguliwa lini? Wafanyakazi wake wana sura na historia, au ni picha tu? Anwani ipo? Mei 2021 mwana-YouTube wa Kifaransa, Léo Grasset, aliyekuwa anaelezea sayansi, alitafutwa na ajensi iitwayo Fazze iliyodai iko London. Ilimwahidi hela ili aiponde chanjo ya korona ya Pfizer. Yeye akakagua: anwani ya London ikaonekana ya uongo, na wafanyakazi aliowakuta LinkedIn walikuwa wamewahi kufanya kazi Urusi. Akayaweka hadharani. Mjerumani mmoja, Mirko Drotschmann, akajitokeza kusema na yeye ametafutwa hivyohivyo. Agosti mwaka huo Facebook ikatangaza kwamba imezifuta akaunti zilizohusishwa na kampeni hiyo. Kazi nzima ya Grasset ilikuwa kuuliza hawa ni nani. Hakuhitaji mwanasheria.

Ukijibiwa "mteja hapendi kutajwa", jibu umeshalipata.

Soma maelekezo kama unavyosoma mkataba wa chumba

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Weka chai, soma mstari kwa mstari. Mimi natafuta vitu vichache.

Cha kwanza, na ndicho kinachoua dili palepale: mstari unaokuambia usiseme umelipwa. Muuza masufuria anataka watu wajue sufuria ni lake. Hana sababu ya kujificha. Fazze waliwaambia watu wao wasitumie neno la tangazo wala udhamini, waseme kama maoni yao. Maelekezo yangu yalisema, nayanukuu kama yalivyo: "Tafadhali fanya ionekane ya kiasili." Ya kiasili, kama dawa ya mitishamba.

Na hapo unakiona cha pili, lugha. Maandishi ya namna hii yakija kwa Kiswahili mara nyingi yamepita kwenye mashine ya kutafsiri, na yananuka. Kwenye yangu nilitakiwa kufungua kwa "Wapendwa wanawake wa jikoni". Nimezaliwa Temeke, nimekulia Temeke, sijawahi kusikia mtu akiitwa mwanamke wa jikoni akabaki kimya. Nikabadilisha nikaweka "Jamani wapishi wenzangu", na kwa kubadilisha kule nikawafanyia kazi ambayo mashine yao imeshindwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela: maneno yao yalikuwa yamekufa, mimi nikayatia pumzi.

Cha tatu, kuambiwa saa. Tangazo la kawaida linataka wiki fulani, siku ya sikukuu, mwisho wa mwezi watu wakiwa na mshahara. Ukiambiwa Jumanne saa mbili na dakika kumi usiku, kuna wenzako wengi wanaposti dakika hiyohiyo. Na kama umeambiwa ufute baada ya siku tatu, usiulize zaidi.

Kisha fanya jambo dogo nililochelewa kulifanya. Chukua sentensi moja ya maelekezo, ile isiyo ya kawaida kuliko zote, iweke kwenye sehemu ya kutafutia ya TikTok, ya Facebook na ya X. Mimi niliifanya siku mbili baada ya kuposti. Nikamkuta kinyozi wa Arusha, mkasi mkononi, anasema akina mama wamechoka kudanganywa. Nikamkuta mchekeshaji wa Mwanza juu ya bodaboda. Nikamkuta binti anayesuka rasta, sijui wa wapi. Maneno yaleyale. Na wote, kabla ya kuyasema, tumeshusha pumzi.

Dili lisilo na sura ya siasa

Kuna ambayo hayataji rais wala vita, na hayo ndiyo yatakayotunasa. Agosti 2025 mainfluensa kadhaa wa Afrika Kusini waliposti video za kuvutia kuhusu nafasi za kazi na mafunzo kwa wasichana huko Alabuga, Tatarstan, nchini Urusi. Vyumba visafi, tabasamu, tiketi ya ndege. Lakini tangu Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilikuwa limeshaandika kwamba wanawake wapatao 200 wa umri wa miaka 18 mpaka 22 kutoka nchi za Afrika, Uganda, Kenya na Rwanda zikiwemo, walioitwa kwa ahadi za namna hiyo, walijikuta kwenye kiwanda cha kuunda droni za vita vya Ukraine. Baadhi ya mainfluensa walifuta video zao na kuomba radhi. Ile habari ilikuwa na miezi kumi mtandaoni. Jina la mahali, dakika tano za kutafuta, basi.

Au Ghana: Machi 2020 Facebook ilifuta akaunti zilizoendeshwa na vijana wa Accra waliokuwa wameajiriwa na shirika liitwalo EBLA, wamepewa simu, kazi yao kuposti juu ya ubaguzi wa rangi na polisi wa Marekani. Walidhani ni uanaharakati. Nyuma yake kulikuwa na watu wenye uhusiano na Urusi. Ubaguzi ule ni wa kweli, ndiyo maana chambo kilishika.

Msije mkadhani ni Warusi tu. Nchi nyingi zinanunua midomo, nyingine kwa njia ya wazi zaidi. Marekani ina sheria ya mwaka 1938, FARA, inayomtaka anayefanya kazi ya kusemea serikali ya nje ajiandikishe. Kwa nyaraka za kujiandikisha huko ndipo watu walipojua mwaka 2025 kwamba kampuni moja iliyokuwa inaifanyia kazi Israel ilikuwa na bajeti ya karibu dola 900,000 kwa kundi la mainfluensa 14 mpaka 18. Mtu anaweza kuzisoma akaamua mwenyewe.

Ukikubali, ukikataa

Sisemi hela ya ubalozi ni haramu. Wakikualika kwenye tamasha la chakula chao, nenda, kula, rekodi. Ila sema kwa mdomo wako, sekunde za mwanzo, siyo kwa maandishi madogo chini ya picha: "Safari hii nimelipiwa na ubalozi wa nchi fulani." Washa na ile alama ya maudhui ya kulipwa. Ukiona sentensi hiyo inakukwama kooni, basi kazi yenyewe haifai. Na ikiwa ni siasa hasa, TikTok hairuhusu kabisa mtu alipwe kutengeneza maudhui ya kisiasa. Ukurasa utakaofungwa ni wako, siyo wa dalali.

Kukataa nakataa kwa ufupi, bila hotuba: "Asante kwa kunifikiria. Sifanyi kazi ambayo mlipaji wake hatajwi. Ukipata jina lake tuongee." Usiweke "labda baadaye". Utaambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, "Dadangu, kwani wewe mwanasiasa? Si chapati tu?" Usijibu. Piga skrinshoti mazungumzo yote na maelekezo, hifadhi nje ya simu, maana upande wa pili wanajua kufuta ujumbe.

Kama umeshaposti, usifute kimyakimya. Ndivyo nilivyofanya mimi mara ya kwanza, nikadhani yamekwisha. Wiki iliyofuata mama anayeniuzia unga pale mtaani akanisimamisha. Alikuwa amegombana na mteja juu ya bei, akamwambia sababu ni vikwazo, "amesema yule mama wa chapati, na yeye hana chama". Hakuwa amekasirika, alikuwa ananipa taarifa kwamba amenitetea. Nikarudi nyumbani, nikarekodi video nyingine bila jiko: nimelipwa laki tatu na nusu, sikusema, maneno hayakuwa yangu, aliyelipa simjui. Nilipoteza wafuasi kama mia nne. Nikamrudishia dalali nusu iliyobaki. Ile advansi ilikuwa imeshakuwa ada.

Mwezi uliopita amenitafuta tena kwa namba mpya, "dadangu" kama kawaida. Safari hii ni maandazi, na bei ni laki tano. Nimemuuliza mteja wa mwisho ni nani. Tiki mbili za bluu, mpaka leo.