Jinsi ya Kuisoma Picha ya Rada Baada ya Tetemeko la Ardhi

Ili kupima tetemeko la ardhi kutoka angani, unahitaji picha mbili za rada za eneo lilelile, moja ya kabla na nyingine ya baada, zilizopigwa kutoka njia ileile na kwa pembe ileile. Sentinel-1, mfumo wa Ulaya wa setilaiti za rada ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 2014, hutoa picha hizo bure, na kila setilaiti hurudia njia yake baada ya siku 12. Chagua tarehe zinazokaribiana, kwa kuwa mashamba yakishalimwa na majani yakishakua, mwangwi wa rada hubadilika kiasi kwamba ramani hujaa chengachenga za rangi zisizosomeka.

SNAP, programu ya kompyuta ya Shirika la Anga la Ulaya, huzioanisha picha hizo, huondoa athari ya milima, kisha hukupa interferogramu, yaani ramani ya mizunguko ya rangi. Wimbi la Sentinel-1 lina urefu wa takribani sentimita 5.6; kwa kuwa mawimbi huenda na kurudi, mzunguko mmoja, tuseme kutoka nyekundu hadi nyekundu inayofuata, ni sentimita 2.8 za ardhi kuisogelea setilaiti au kujitenga nayo. Anza mahali pa mbali palipotulia, uhesabu ukielekea kwenye ufa. Ukivuka mizunguko 10, umepata sentimita 28. (Mimi bado naamini zaidi kuhesabu kwa kalamu juu ya karatasi kuliko kukodolea macho kioo cha kompyuta.)

Usiandike hata hivyo kwamba ardhi imepanda sentimita 28. Rada hutazama kwa upande, hivyo kupanda na kusogea kwa mlalo huchanganyika katika namba moja. Tafuta jozi ya pili: ikiwa ya kwanza ilipigwa setilaiti ikielekea kaskazini, ya pili iwe ya wakati inaelekea kusini, nawe utaweza kutenganisha mwendo wa juu na chini na ule wa mashariki na magharibi. Mwendo wa kaskazini na kusini karibu hauonekani, na hapo ndipo ndege inapofaa, kwa sababu UAVSAR, rada ya NASA inayobebwa na ndege, inaweza kupitishwa kwa mwelekeo unaoutaka, na wimbi lake la takribani sentimita 24 huvumilia majani vizuri zaidi.

Mvuke hewani nao huchelewesha mawimbi na kuchora mizunguko ya uongo. Badilisha tarehe moja ya jozi. Mzunguko ukitoweka, ulitokana na mvuke.

Mwisho, andika tarehe zote mbili kwenye ramani. Tarehe 6 Februari 2023 Uturuki ilipigwa na matetemeko ya ukubwa wa 7.8 na 7.5 yaliyopishana kwa takribani saa 9, na jozi iliyopigwa kabla na baada ya siku hiyo inayabeba yote mawili.