Kujinyima Kwaresima, sisi tunaokula samaki kila siku

Sheria ya Kanisa Katoliki ni fupi. Ijumaa hatuli nyama, kuanzia umri wa miaka 14. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tunafunga, wenye miaka 18 hadi 59: mlo mmoja kamili, na milo miwili midogo.

Lakini hapa Unguja samaki ndiye kitoweo chetu. Ukila changu wa kupaka Ijumaa, sheria umeitimiza, umejinyima nini? Ndiyo maana wanaojiandaa kwa ubatizo pale Minara Miwili, kanisa letu la Mtakatifu Yosefu, huwa nawaambia waongeze kitu kimoja wanachokipenda kweli. Mimi naacha urojo wa jioni, ile supu nzito ya kwetu, na harufu yake ikinipitia mtaani, jamani, nafsi inalia! Hapo hapo nasema moyoni: "Yesu, pokea hiki pamoja na msalaba wako," nikimtaja mtu mmoja anayeteseka. Usiiache njaa ipite bure bila sala.

Pesa ya urojo iweke kwenye kopo, kisha mpe jirani asiye na kitu, Mkristo au Muislamu, kwa siri. Ukiibakiza mfukoni, umebana matumizi tu.

Oga, jipake mafuta, uwe na uso mkunjufu. Yesu ameagiza hivyo katika Mathayo 6. Ukianza kugombeza watoto kwa sababu ya njaa, punguza ukali wa funga, si upendo.

Mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha wasifunge, wale chakula. Mwenye shaka amuulize padri anayemwungamisha.