Kutunza bustani na ukoka majira ya baridi, hatua kwa hatua

Baridi ikiingia, watu wengi huipa bustani kisogo hadi joto lirudi. Lakini mizizi chini ya udongo bado iko hai, na kuna kazi zisizoweza kungoja.

Hatua ya 1: Ondoa majani yaliyoanguka kwenye ukoka. Yakilowa hushikana, yakaziba mwanga na hewa, na ukungu ukapata makao. Usiyachome, yarundike pembeni yaoze, utapata mboji nzuri sana.

Hatua ya 2: Kata nyasi mara ya mwisho zikikaribia kuacha kukua. Usizinyoe hadi chini, ziache na urefu wa sentimita 4 au 5. Mbolea yenye naitrojeni nyingi iweke kando, kwa sababu huchochea majani laini ambayo baridi huyaunguza upesi. Palipokanyagwa sana, choma mashimo ya sentimita 10 hivi kwa uma wa bustani ili maji yasituame.

Hatua ya 3: Asubuhi ya sakitu, yaani umande ulioganda, usikanyage ukoka kabisa. Hili nalisisitiza kwa kila ninayemfundisha. Maji ndani ya majani yakiwa yameganda, uzito wa mguu huyavunjavunja, na baada ya siku chache nyayo zako zitaonekana zikiwa za kahawia. Subiri barafu iyeyuke. Pia usishtuke ukoka ukigeuka rangi ya nyasi kavu: aina zinazopenda joto hulala tu, na joto likirudi huchipua tena.

Hatua ya 4: Mwagilia miti isiyopukutisha majani kabla ardhi haijaganda, kwani majani yake huendelea kupoteza maji. Kisha tandaza matandazo ya sentimita 5 hadi 8 juu ya mizizi. Yasiguse shina, gome litaoza.

Hatua ya 5: Pogoa, lakini chagua. Mitufaha na mipeasi hupogolewa ikiwa imelala. Mawaridi yangoje mwisho wa baridi. Anza na matawi yaliyokufa, yenye ugonjwa na yanayosuguana. Miplamu na micheri usiiguse sasa, maana kuna kuvu hupenya kwenye vidonda vya majira haya na kugeuza majani rangi ya fedha. Hiyo ipogoe kiangazi. Vichaka vinavyochanua mapema navyo viache, kwa kuwa machipukizi ya maua tayari yako juu yake. Ukivipogoa utakuwa umekata maua yenyewe.

Hatua ya 6: Theluji ikilemea matawi, isukume taratibu kwa ufagio kutoka chini kwenda juu.

Hatua ya 7: Toa maji yote kwenye mipira na mabomba ya nje, la sivyo yataganda na kuyapasua. Noa kisu cha mashine ya kukatia nyasi, na tangi lake usiliache na petroli ya zamani. Petroli iliyokaa huharibika na kuziba kabureta.