Namna ya Kumpambanua Amfibia na Kufuatilia Asili Yake

Mkulima anayelima katika Milima ya Taita au Usambara wakati wa mvua huweza kufukua kiumbe mrefu, laini, asiye na miguu, akadhani ni nyungunyungu mkubwa au mtoto wa nyoka. Huenda akawa ni sesilia, amfibia asiye na miguu, yaani jamaa wa chura na salamanda. Kosa hilo si la mkulima peke yake: mwaka 1758 Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeainisha viumbe, aliwaweka nyoka, mijusi na hata papa pamoja na vyura katika ngeli moja (kundi kubwa la wanyama) aliyoiita Amphibia.

Anza na ngozi, na kabla ya kumgusa mnyama lowesha mikono, kwa kuwa ngozi ya amfibia hupitisha hewa na maji na hudhurika upesi. Haina magamba ya nje kama ya mjusi, tena ina tezi nyingi zinazoiacha na utelezi. (Baadhi ya sesilia wana vijigamba vidogo, lakini vimefichika ndani ya mikunjo ya ngozi.) Usitegemee pingili za mwili, maana nyungunyungu naye anazo, tazama kinywa. Nyungunyungu hana taya wala meno, ilhali sesilia ana vyote viwili, na kati ya jicho na pua ana kipapasio kidogo ambacho hakuna amfibia mwingine aliye nacho.

Ukisharidhika kwamba ni amfibia, oda zilizo hai, yaani makundi madogo ndani ya ngeli, ni tatu tu. Asiye na mkia akishakomaa, mwenye miguu mirefu ya nyuma, ni wa Anura, oda ya vyura, ambayo ina zaidi ya spishi nane katika kila kumi za amfibia. Asiye na miguu ni wa Gymnophiona, oda ya sesilia. Mwenye mkia na miguu minne ni salamanda, wa oda ya Caudata. Lakini ukiwa Afrika kusini mwa Sahara usisumbuke naye, kwa kuwa salamanda hawaishi porini huku, na huyo uliyemwona karibu hakika ni mjusi.

Usiainishe kwa kuangalia kama mnyama hupitia hatua ya kiluwiluwi majini. Chura wa Kihansi, Tanzania, aliyetangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini, huzaa vichura kamili, na sesilia wa Taita, Boulengerula taitana, hutaga mayai ardhini, kisha mama huwalisha watoto wake tabaka la ngozi yake mwenyewe.

Kufuatilia asili kunahitaji visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhika katika miamba, na hapa hatua ya kwanza ni kuacha kumwita chura babu wa mjusi: wote wawili wametokana na wanyama wa kale wenye miguu minne. Tiktaalik, aliyepatikana katika Kisiwa cha Ellesmere, Kanada, ni samaki wa miaka milioni 375 hivi iliyopita mwenye mapezi yaliyo na mifupa kama ya mkono. Acanthostega wa Greenland, aliyemfuata baadaye, alikuwa na vidole vinane na bado alikuwa na matamvua, jambo linaloonyesha kwamba miguu ilianza majini, kabla ya safari ya nchi kavu.

Kutoka hapo tafuta meno. Amfibia wengi wa leo wana jino lenye sehemu mbili, taji na kitako, zilizotenganishwa na ukanda usio mgumu. Meno ya aina hiyo yameonekana kwa baadhi ya temnospondili, kundi kubwa la kale ambalo lilifika hadi kwetu: Peltobatrachus, aliyevaa bamba za mifupa mgongoni, alichimbuliwa kusini mwa Tanzania. Kisha linganisha viungo. Triadobatrachus wa Madagaska, wa miaka milioni 250 hivi iliyopita, ana fuvu la chura lakini uti wake wa mgongo ni mrefu na bado ana kimkia. Eocaecilia wa Arizona ni sesilia ambaye miguu yake midogo haijapotea.

Wataalamu wengi huwaunganisha amfibia wa leo na temnospondili. Wengine huwapeleka kwa lepospondili, kundi jingine la kale, na wapo wanaowatenga sesilia na vyura katika asili tofauti. Kwa hiyo unapochora ukoo wa kiumbe yule wa shambani, andika Gymnophiona kwa wino, na mstari unaoshuka kutoka hapo hadi kwa wanyama wa kale uuchore kwa penseli.