SOMO: Kusoma kumbukumbu ya ndoa ya Kijerumani ya zamani

Wakuu, kila wiki naletewa picha ya ukurasa wa Kijerumani na swali lilelile: "Hapa pameandikwa nini?" Naandika mara moja, halafu mniache nipumue. Nimejifunza haya nikiwatafuta wazee wa mke wangu, watu wa Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya himaya ya Ujerumani ya zamani.

1. Jua mji. Ujerumani haikuwa na daftari moja la nchi nzima.

2. Jua mwaka. Usajili wa serikali ulianza Prussia tarehe 1 Oktoba 1874, na himaya nzima 1 Januari 1876. Magharibi ya mto Rhine walianza mapema zaidi, enzi za Wafaransa. Kabla ya hapo, vitabu vya kanisa.

3. Anza na tovuti ya FamilySearch, ni bure. Ukikosa, hesabu: ndoa ikipita miaka 80, daftari huhamia hifadhi ya nyaraka (vizazi 110, vifo 30). Ikiwa bado, iko kwa msajili (ofisi yake huitwa Standesamt), naye atataka uthibitishe undugu.

4. Fomu imechapwa, mpangilio ni uleule: 1 bwana harusi, 2 bibi harusi, 3 na 4 mashahidi. "Verstorbenen" ni marehemu. "Geborene" hutangulia jina la kwao mke.

5. MIAKA. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wa kuzaliwa umeandikwa kwa maneno, tena kwa mwandiko wa Kurrent ambao e na n ni mapacha. Nikakuta "sechs und fünfzig". Sechs ni sita, fünfzig ni hamsini, nikaandika haraka 1865. Bwana alioa 1891, yaani akiwa na miaka 26. Umri wa kuoa kabisa, ningeshuku nini? Miezi miwili nikaandikiana na kanisa la kijiji chake, nikalipia msako mara mbili, jibu likawa hayupo. Asingekuwepo: alizaliwa 1856! Mjerumani hutanguliza mamoja, sita na hamsini. Waliosoma Kiarabu chuoni hawatashangaa, sitta wa khamsin ni mwendo huohuo. Kwa hiyo nakili kwanza maneno yenyewe, tarakimu baadaye, na usiuamini umri "unaoelekea". Neno lisiposomeka, fungua kurasa za jirani: karani ni yuleyule, na tarehe za juu kaziandika kwa maneno hayohayo.

6. Soma na pembezoni. Talaka huandikwa huko.

MASWALI

Chumvi_Pwani: Mkuu, babu wa baba yangu alikuwa Mjerumani, Müller. Nisaidie kumpata.

Jibu: Hatua ya 1.

Chumvi_Pwani: Sina mji bana, ndiyo maana nauliza.

Jibu: Müller maana yake msaga nafaka. Kila kijiji kilikuwa naye. Waulize wazee wa kwenu, urudi na mji.

Mjuzi77: Umekosea, kote wanasema 1876.

Jibu: Hatua ya 2 ina tarehe mbili. Isome.

Binti_Bagamoyo: Shikamoo mwalimu. Waswahili waliokuwa Berlin zamani, wakioa waliandikwa kwenye vitabu hivyohivyo?

Jibu: Marahaba mwanangu, swali zuri. Ndio, ndoa iliyotambuliwa na serikali ilifungwa mbele ya msajili, kanisani ni baadaye kwa anayetaka. Mtoro bin Mwinyi Bakari, wa hukohuko kwenu, alifundisha Kiswahili Berlin na akamwoa Bertha Hilske mwaka 1904. Walipotaka kurudi huku pamoja, serikali ya koloni haikuwaruhusu kushuka. Ndoa halali Berlin, bandarini haikuwafaa kitu. Ukimsaka mtu wa namna hiyo, tafuta kwa jina la mke, maana hilo karani alilijua. La mume aliliandika alivyolisikia: sh ikawa sch, y ikawa j, v ikawa w.

Binti_Bagamoyo: Asante sana. Na mashahidi, niwaandike?

Jibu: Waandike wote, na umri na makazi yao. Mara nyingi ni kaka au mjomba. Kwangu, shahidi namba 4 ndiye aliyenipa kijiji cha mama yake yule bwana.

Fundi_Picha: Nyongeza: wino ukififia, geuza rangi za picha, nyeusi iwe nyeupe. Mistari hujitokeza.

Jibu: Hii nilikuwa siijui. Naichukua.

Chumvi_Pwani: Shangazi anasema Kassel.

Jibu: Sasa tunaongea. Kassel ilikuwa chini ya Prussia tangu 1866. Anzia Oktoba 1874.