Kukaanga kuni za mkaratusi ndani ya debe, hatua kwa hatua

Hapa Goma mvua haituachii kuni kavu. Tukikimbilia makala (mkaa), tanuri la udongo linakula zaidi ya nusu ya nguvu iliyokuwa ndani ya mti, na misitu ya hifadhi ya Virunga inaendelea kukatwa. Njia ya katikati ipo: kaanga kuni bila hewa, kati ya nyuzi 200 na 300 za Selsiasi, uzitoe kabla hazijawa makala. Kilo 10 za kuni kavu hutoka kama kilo 7, lakini karibu asilimia 90 ya nguvu yake inabaki.

1. Pasua mkaratusi wa shamba vipande vya unene wa kidole gumba, vyote sawa. Kilicho kinene hubaki kibichi katikati. Anika chini ya bati hadi vikigonganishwa vitoe mlio mkali. Mbao zenye rangi au dawa usiguse, moshi wake ni sumu.

2. Vijaze kwenye debe la chuma tupu, lisilo na zinki, kifuniko kibane. Toboa tundu la msumari kwa ajili ya moshi, na jingine la waya wa kipimajoto, ulizibe kwa udongo. Weka debe juu ya mafiga ndani ya pipa kubwa. Fanya kazi nje: gesi inayotoka inaua.

3. Washa moto mdogo. Mvuke mweupe hutangulia. Hayo ni maji, yaache yaishe yenyewe. Kisha moshi hugeuka njano na kuchoma macho: sasa mti wenyewe unavunjika. Hapa usiondoke. Kwenye 250 anza kuvuta makaa nje, ushikilie kati ya 250 na 270 kwa nusu saa. Ukikaribia 280 kuni huanza kuzalisha joto lake zenyewe, na kipimo hupanda hata moto ukiwa umeondolewa.

4. Toa debe motoni. Moshi ukififia, ziba matundu yote kwa udongo, na usifungue hadi libaridi kabisa. Hewa ikiwahi kuingia, kuni zote zitawaka.

5. Vunja kipande. Kizuri ni cha kahawia kama buni iliyokaangwa, nje na ndani, na hukatika mkononi kwa mlio mmoja. Kikiwa na nyuzi zinazong'ang'ania, rudisha. Kikipaka vidole masizi, umeshaingia kwenye makala.

Kwenye mbabula (jiko la makala) weka vichache vichache: hushika upesi, moshi kidogo, na hata vikilala barazani msimu wa mvua havinyonyi maji kama kuni za kawaida.