Kabla hujachemsha heksani, kagua maji

Kiwango cha mchemko si namba ya kujazia fomu tu. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali, kimiminika ambacho mvuke wake unashika moto chini ya nyuzi 23, na kinachoanza kuchemka kwenye nyuzi 35 au chini ya hapo, kinaingia kundi la kwanza, la hatari kuliko yote. Isopentani, nyuzi 28, imo. Pentani ya kawaida, nyuzi 36, inaangukia kundi la pili. Kwa hiyo pima vizuri, kwa kuchemsha kimiminika chupani na kusoma joto la mvuke wake.

Vaa miwani. Moto wa wazi usiwepo kabisa. Tumia hita ya umeme. Vipande vya kauri vya kutuliza mchemko tia kimiminika kikiwa baridi, maana ukivitia kikishapata moto kitafoka chote. Balbu ya kipimajoto ikae chini kidogo ya tawi la kutolea mvuke. Ukiipandisha, itasoma pungufu. Usizibe mfumo pande zote. Mgandamizo wa hewa uandike, kwa kuwa hubadilisha kiwango cha mchemko, ingawa Dar tuko usawa wa bahari na masahihisho ni madogo. Mbeya, juu milimani, ni habari nyingine.

Sasa maji ya kondensa, yaani mrija unaopozwa kwa maji ili mvuke urudi kuwa kimiminika. Hapa nasisitiza, kwa sababu niliona mtu akiungua.

Ilikuwa Januari, saa saba mchana, katika maabara ya chuo kimoja hapa mjini. Maji yalitoka kwenye tangi la paani, na yalikuwa ya vuguvugu tangu asubuhi. Yakakatika. Hakuna aliyeona, kwa sababu mpira wa kondensa ulibaki umejaa maji yaliyotulia. Heksani, kiyeyushi kilichokuwa kikichemshwa, inachemka kwenye nyuzi 69, na mvuke wake ni mzito karibu mara tatu ya hewa: haupandi, unashuka. Ulitiririka chini ya meza hadi kwenye friji ya kawaida ya kuhifadhia sampuli. Friji ikajiwasha, ikatoa cheche. Moto ulipita sakafuni kwa kishindo kimoja, na fundi wa maabara aliungua miguu yote miwili, kuanzia vifundoni hadi magotini. Chupa juu ya meza haikupata hata ufa.

Kwa hiyo: mpira wa kutolea maji uelekeze kwenye sinki mahali unapouona, utazame mkondo muda wote. Afadhali zaidi, ndoo ya maji ya barafu na pampu ndogo, ikitumia soketi moja na hita. Umeme ukikatika, vyote vinazima. Hita iweke juu ya stendi inayoshuka, kwa kuwa huendelea kuwa ya moto.

Na kama shida yako ni namba tu, unachemsha nusu lita ya nini? Matone machache kwenye mrija mwembamba, na kapilari (kijimrija chembamba zaidi) iliyozibwa juu ndani yake, yanatosha. Pasha hadi mapovu yatoke mfululizo, punguza moto, soma pale kimiminika kinapoanza kuingia kapilari.

Friji toa nje. Simu pia. Usifanye peke yako, wala jioni watu wakishaondoka, na mlango usiwekewe maboksi.